Mguu Haupo, Maumivu Yapo: Mjadala wa Juba

Hoja iliyo mezani ni hii: vituo vya utengamao vya Sudan Kusini, kuanzia cha Juba, vianze kutumia mashine za kuchochea ubongo kwa umeme hafifu, sambamba na mazoezi, kuwatibu watu waliokatwa mguu au mkono na ambao bado wanaumwa. Hawaumwi kidonda, kidonda kilishapona. Wanaumwa kiungo ambacho hawanacho. Vidole vinajikunja, unyayo unaungua, kifundo kinapindwa, na chini ya goti hakuna kitu.

Mwaka 2020 watafiti wa Afrika Kusini walikusanya tafiti za nchi nyingi na kukadiria kwamba katika kila watu 100 waliokatwa kiungo, 64 hupata maumivu haya. Hapa Juba hilo si jambo la vitabuni. Vita vya 1983 hadi 2005 viliacha mabomu barabarani na mashambani. Mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016 yakaongeza waliokatwa kwa sababu ya risasi na mizinga. Kituo cha Juba, pamoja na vya Rumbek na Wau, vinaungwa mkono na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, na humo mtu hupata mguu wa polipropilini, magongo, kiti cha magurudumu na mazoezi. Maumivu ya kiungo kisichokuwepo hayana karakana yake.

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe ili kila hoja ipate mtu wa kuisimamia. Usimtafute mtu fulani nyuma yake. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kama kinavyowakutanisha wengi mjini hapa tangu nchi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na hata kabla: Mzee alikiokota Lokichoggio, Dada wa mazoezi alikisomea Moshi, Daktari alikizoea Nairobi, Mhasibu alikulia kambi ya Kakuma. Mimi nina upande, na nausema mapema: mashine naitaka, lakini siitaki peke yake, wala siitaki kwanza.

Mzee: Nilipokuwa hospitali ya Lopiding, kule Lokichoggio, Wakenya walinifundisha msemo: asiyekuwepo na lake halipo. Kwangu umekataa. Mguu wangu haupo tangu bomu la barabara ya Torit, na lake lipo kila usiku. Kidole gumba kinapanda juu ya cha pili, kinakaa hapo, kinavutwa. Nataka kukinyoosha, mkono unashika shuka. Walionitibu walikuwa watu wema. Walinifundisha kufunga bendeji kwenye kigutu, wakanipimia mguu wa plastiki, wakanitembeza kati ya vyuma viwili mpaka nikaviachia. Kila nikirudi wanauliza: mguu bandia unabana? Umepasuka? Ngozi imechubuka? Hakuna aliyeniuliza kama ule mwingine unauma, ule uliobaki Torit. Nami sikusema. Askari akisema anaumwa mguu usiokuwepo, wenzake wataanza kunong'ona kwamba kichwa kimeharibika, au kuna mtu amemroga.

Daktari: Kichwa chako ni kizima, Mzee. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika mwaka 1871 juu ya askari waliokatwa viungo na wakaendelea kuvihisi. Kuna utepe wa ubongo unaopita juu ya kichwa kutoka upande wa sikio moja hadi la pili, na kila sehemu ya mwili ina mahali pake humo: mguu juu katikati, mkono pembeni, uso chini zaidi. Mguu ukikatwa, mahali pake hapakatwi. Panaendelea kutuma amri na kungoja jibu. Mashine ninayoitetea ni ndogo, inaenea kiganjani na inatumia betri. Ina nyaya mbili, na kila waya una sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi. Sponji moja inakaa juu ya eneo linaloendesha misuli, upande ulio kinyume na mguu uliokatwa. Ya pili inakaa juu ya jicho la upande mwingine. Unapitisha umeme wa miliampea 2 kwa dakika 20. Mgonjwa anahisi ngozi ikiwasha kidogo, basi. Umeme huo haulazimishi seli za ubongo kufanya kazi, unaziweka tayari kufanya kazi. Ndiyo sababu hoja haisemi mashine tu. Mashine inalainisha ardhi, kisha jembe linaingia.

Mzee: Kuna samaki wa Mto Nile, jamii ya kambare, ukimshika na nyavu zikiwa mbichi anakupiga shoti mpaka begani. Wavuvi wa hapa wanamjua. Sasa unataka kuniwekea huyo kichwani?

Daktari: Yule hupiga volti mia kadhaa. Hii huihisi zaidi ya upele. Lakini hujakosea kumtaja: Roma ya kale kulikuwa na tabibu, Scribonius Largus, aliyetibu maumivu ya kichwa kwa samaki wa baharini mwenye umeme. Watu wamekuwa wakijaribu jambo hili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Dada: Daktari, umesema ardhi inalainishwa. Jembe analo nani? Ninalo mimi, na halihitaji betri. Nenda soko la Konyo Konyo ununue kioo kirefu cha kuvalia, kinachofika kutoka pajani hadi kisiginoni. Mgonjwa akae mkekani, avue mguu bandia, avue kiatu na soksi ya mguu mzima, akunje suruali hadi juu ya goti. Kioo kisimame katikati, uso wake ukitazama mguu mzima, kigutu kikiwa nyuma yake. Ainame kidogo mpaka aone miguu miwili. Hapo aanze polepole: vidole juu, vidole chini, kifundo kuzunguka. Na ule uliofichwa auambie ufuate. Dakika 15 kila siku. Wapo wanaolia siku ya kwanza, wapo wanaopata kizunguzungu, na hapo tunasimama, tunasubiri kesho. Yule ambaye kidole chake kimekunjwa miaka mingi, kama wewe Mzee, anakiona kimenyooka. Ubongo uliokuwa ukingoja jibu umelipata kwa macho.

Mwaka 2007, hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, ilichapisha jaribio la watu 22. Waliomaliza ni 18, makundi matatu. Waliotazama kioo kwa wiki nne wote walipata nafuu. Waliopewa kioo kilichofunikwa, na waliofumba macho wakajifikiria tu, wengi hawakupata, na baadhi walizidi kuumwa. Sasa njoo karibu na hali yetu. Kambodia, watu 45 waliokatwa mguu kwa mabomu ya ardhini, watu wa vijijini, walipewa kioo, au kusuguliwa kigutu kwa vitu vya mguso tofauti, au vyote viwili. Vyote viwili vilishinda, na nafuu ilikuwepo bado miezi mitatu baadaye. Hakuna aliyevaa sponji kichwani.

Daktari: Na Cape Town?

Dada: Nilikuwa nakuja huko. Cape Town walikuwa watu 21, mazoezi ya hatua tatu kwa wiki sita: kwanza kutambua picha, huu mguu wa kushoto au wa kulia; kisha kujifikiria mguu ukitembea; mwisho ndipo kioo. Nafuu yao ilipimwa tena baada ya miezi sita, ikakutwa ipo. Huo ni utafiti wa Afrika, kwa vifaa ambavyo hata Wau vinapatikana.

Daktari: Watu 18. Watu 45. Watu 21. Dada, kama mimi ningekuletea mashine kwa ushahidi wa idadi hiyo ungenirudisha mlangoni. Nakuletea jaribio la Boston lililochapishwa 2021: watu 112, wote wamekatwa mguu kwa ajali au majeraha. Nusu walipata umeme wa kweli kwa wiki mbili, nusu mashine iliyojifanya inafanya kazi. Na wote walifanya mazoezi ya kioo kwa wiki nne, wengine kioo wazi, wengine kilichofunikwa. Waliopata umeme wa kweli walipungukiwa maumivu zaidi ya wenzao.

Dada: Kwa kiasi gani?

Daktari: Karibu alama moja, kwenye kipimo cha 0 hadi 10.

Dada: Endelea kusoma, Daktari. Hoja yetu inasema mashine sambamba na mazoezi. Jaribio hilo lilipanga makundi manne makusudi ili lione kama vitu hivi viwili vikiungana vinazidi kila kimoja peke yake. Lilionyesha nini?

Daktari: Halikuonyesha kwamba vinaongezeana nguvu.

Dada: Basi ardhi na jembe havikukutana.

Daktari: Havikukutana Boston. Lakini na kioo chako kilicho wazi hakikuonyesha faida dhahiri kuliko kilichofunikwa. Ukinipiga na jaribio hilo, linakupiga na wewe. Na liko jingine la Israeli, la mwaka huohuo, watu 30: wote kwenye kioo, kundi moja likaongezewa umeme wa kweli, jingine mashine ya kuigiza, la tatu kioo kitupu. Wiki zile za tiba zilipoisha, makundi yote yalikuwa sawa. Miezi mitatu baadaye, waliochanganyiwa umeme na kioo ndio waliobaki na nafuu kubwa. Maana yake huenda umeme haukupi nafuu ya leo, unakusaidia kuishika ile uliyoipata kwa mazoezi.

Dada: Huenda. Kwa watu kumi katika kila kundi.

(Hapa nawakatiza wote wawili. Nimeyasoma majaribio haya na naona wanasema kweli, kila mmoja kwa upande wake, na ninaheshimu kwamba hakuna aliyeficha ukurasa unaomuumiza. Kinachonisumbua ni kwamba mgonjwa wa Juba hayumo katika hata moja. Hakuna kati ya hao 112 aliyekaa miaka 20 na kigutu kilichoshonwa hospitali ya porini, wala aliyerudi nyumbani kwa miguu ya plastiki hadi Gudele kwenye tope la Agosti, akalala bila dawa. Aliye karibu naye zaidi ni mkulima wa Kambodia na mwathirika wa bomu wa Colombia, na huyo wa Colombia bado hatujamtaja.)

Mhasibu: Niruhusuni na mimi, maana mwisho wa mazungumzo haya karatasi zinakuja kwangu. Mtu mzima hubadilisha mguu bandia kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mtoto anayekua huhitaji mpya kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Huo ni mzigo usioisha. Fedha nyingi zinatoka nje, na nje hakuko vizuri: mwaka 2023 ICRC yenyewe ilitangaza kupunguza nafasi nyingi za kazi duniani. Nimeona vifaa vya msaada vikija nchi hii na sherehe, vikakaa stoo kwa kukosa kebo ya kuchajia, au kwa sababu aliyefundishwa kuvitumia amehama. Ukiniambia nichague kati ya goti la mtoto na mashine inayopunguza alama moja, nachagua goti, na nitalala usingizi.

Mzee: Wewe utalala. Mimi ndiye silali. Mnasema alama moja kana kwamba ni shilingi imeanguka sokoni. Mtu anayeumwa saba usiku hawezi kufumba macho. Akiumwa sita labda anapata saa mbili. Anayelala saa mbili asubuhi anaweza kuvaa mguu wake akaenda kuchunga biashara yake. Asiyelala anauacha mguu ukutani. Mguu wenu huo mnaoutengeneza kwa gharama, ni wangapi wanaouacha ukutani kwa sababu hii ambayo hamkuuliza?

Mhasibu: Hilo sikulifikiria, Mzee.

Binti: Samahanini wakubwa. Nimesikiliza kioo tangu mwanzo. Mimi kombora la Julai 2016 lilichukua miguu yote miwili. Dada, mimi nikikaa mkekani, kioo kitaakisi nini?

Dada: ...Hakitaakisi, mdogo wangu. Kioo kinahitaji mguu mmoja uliobaki. Tunaweza kujaribu kukukalisha mbele ya mtu mwingine, umtazame miguu yake ikitembea. Wengine husaidika. Lakini kioo kama nilivyokieleza si chako.

Binti: Na mashine?

Daktari: Mashine haihitaji mguu. Inahitaji mahali pa mguu, na hapo unapo.

(Swali hili ndilo lililonihamisha nilipokuwa nikiandika. Nilianza nikiwa karibu kabisa na Dada. Hoja kwamba kioo ni cha bei nafuu na kinatosha ni nzuri mpaka umkumbuke anayeachwa nje nayo, na mara nyingi anayeachwa ni yule aliyeumia zaidi.)

Dada: Nakubali hilo, na sirudi nyuma. Lakini kabla hatujamvika mtu yeyote sponji, nataka kumshika kigutu. Mara nyingi mtu anasema mguu usiokuwepo unauma, kumbe ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa imefanya kinundu chini ya ngozi. Ukiigonga kwa kidole anaruka. Au mfupa umeota ncha. Au usaha uko ndani. Au soketi ya mguu bandia imekuwa kubwa kwa kuwa amekonda msimu wa njaa. Huyo mpelekee fundi, au mpelekee daktari wa upasuaji. Ukimwekea umeme kichwani kwa wiki mbili umempotezea wiki mbili.

Daktari: Sahihi.

Dada: Sijamaliza. Majaribio yenu yote yanawaondoa watu wenye chuma ndani ya kichwa na watu wenye kifafa. Nani hapa Juba amekatwa mguu kwa mlipuko akabaki kichwa safi? Vipande vya bomu haviingii mguuni tu. Nani atampiga picha ya fuvu kwanza? Na kifafa: Maridi, Equatoria Magharibi, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa mwaka 2018 ulikuta watu 4.4 katika kila 100 wana kifafa, kinachohusishwa na minyoo ya usubi wa mtoni. Mundri nako kuna watoto wa ugonjwa wa kutikisa kichwa. Mgonjwa akija Juba kutoka huko, je, fomu yenu ya Boston ina swali la usubi?

Daktari: Haina. Inabidi tuandike yetu. Kwa umeme hafifu huu, hatari ya kuamsha kifafa ni ndogo sana. Kwa mashine ya aina nyingine, ya sumaku, ni kubwa kiasi, ingawa bado ni nadra. Na kwa kuwa umetaja mabomu, tuje Colombia. Mwaka 2016 walichapisha jaribio la waathirika 54 wa mabomu ya ardhini. Walitumia sumaku kuchochea eneo la misuli, dakika 20 kwa siku, siku kumi. Siku 15 baada ya tiba, 70 katika kila 100 waliotibiwa kweli walikuwa wamepungukiwa maumivu kwa karibu theluthi moja au zaidi, na kwa walioigiziwa ni 40.

Dada: Na siku 30?

Daktari: Siku 30 tofauti haikuwa tena na uzito wa kitakwimu.

Mhasibu: Yaani ilikwisha.

Daktari: Ilififia. Na kumbuka, hawa hawakupewa mazoezi ya kuendeleza nyumbani. Walichochewa wakaachwa. Hapo ndipo naiona hoja yetu kwa uwazi zaidi kuliko Boston. Kuchochea bila utengamao kunafifia ndani ya mwezi. Mimi sitaki Juba irudie kosa hilo kwa mashine ya bei rahisi zaidi.

Dada: Sasa umeanza kusema kama mimi.

Daktari: Nimekuwa nikisema hivyo tangu mwanzo, wewe ulikuwa unasikia betri tu.

Mimi mwandishi nataka niingize jambo moja la kisayansi kwa sababu watetezi wa mashine hulipita haraka. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa kwamba mguu ukikatwa, majirani zake katika ubongo huvamia mahali pake, na uvamizi huo ndio maumivu. Timu ya Herta Flor, Ujerumani, ilionyesha mwaka 1995 kwamba kadiri uvamizi ulivyokuwa mkubwa, ndivyo maumivu yalivyokuwa makubwa. Tiba nyingi, kioo na umeme pamoja, zilitangazwa kwa ahadi ya kurudisha mipaka. Lakini mwaka 2013 Tamar Makin na wenzake wa Oxford walikuta kinyume: kwa watu wenye maumivu makali, mahali pa mkono uliokatwa palikuwa pamehifadhiwa vizuri. Mwaka 2025 Makin na wenzake wakachapisha habari za watu watatu waliopimwa ubongo kabla ya kukatwa mkono na kufuatiliwa baada yake; ramani haikubomoka. Kwa hiyo anayewaambia wagonjwa wa Juba kwamba mashine hii "inapanga upya ubongo wao" anasema zaidi ya anachokijua. Hilo halifanyi tiba kuwa uongo. Aspirini iliuzwa tangu mwaka 1899, na John Vane alieleza inavyofanya kazi mwaka 1971. Linatutaka tuwe wakweli tunapomweleza mtu kwa nini tunamlowesha nywele kwa maji ya chumvi.

Mzee: Na dawa? Miaka yote napewa panadol.

Daktari: Panadol haigusi maumivu ya namna hii. Kuna vidonge vya zamani vya amitriptilini, usiku, kwa kipimo kidogo; vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa kwa maumivu ya kiungo kisichokuwepo ushahidi wake si mkubwa. Uganda, jirani zetu, wanachanganya mofini ya maji wenyewe, na tangu 2004 sheria inaruhusu wauguzi waliofundishwa maalumu kuiandika. Kazi hiyo ilianzishwa na Anne Merriman, aliyefungua Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Nchi ikiamua kwamba maumivu ni kazi ya serikali, inawezekana kutoka Kampala hadi vijijini. Sisi hatujaamua.

Mhasibu: Tukiamua, mnataka nilipie nini? Nipeni kitu cha kuandika.

Hapa wamenigeukia, na mimi sitaki kujificha nyuma ya sauti zao.

Andika swali kwanza. Kwenye kadi ya kila mgonjwa wa Juba, Rumbek na Wau, chini ya mstari wa soketi, uwepo mstari mwingine: kiungo kisichokuwepo kinauma? Kiasi gani, 0 hadi 10, saa ngapi? Hilo gharama yake ni wino. Bila hilo hata mashine ikija bure hatutajua nani amepona.

Andika vioo, na andika muda wa Dada na wenzake, kwa sababu kioo bila mtu wa kukaa nacho siku za mwanzo ni kioo cha kujitazamia uso. Afundishwe na mtu wa nyumbani, mke au kijana, ili zoezi lisikatike mgonjwa akirudi Bor na mvua ikafunga barabara. Kambodia waliweza vijijini.

Kisha andika mashine, chache, na uziweke chini ya paa moja na mazoezi. Zisipewe kliniki nyingine, zisikodishwe, zisifanywe huduma ya pembeni ya anayeweza kulipa. Wa kwanza kuzipata wawe walio kama Binti, ambao kioo hakiwafai, na waliojaribu kioo kwa wiki nne bila nafuu. Kila mmoja apimwe kigutu kabla, aulizwe kifafa, apigwe picha ya kichwa kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko. Na apimwe maumivu siku ya mwisho ya tiba, siku ya 30, na mwezi wa tatu, maana Colombia ilituonyesha kwamba ukipima mapema utafurahi bure, na Israeli ikatuonyesha kwamba ukipima mapema unaweza kukosa kuona faida iliyopo.

Mhasibu: Mwezi wa tatu mgonjwa yuko Pibor. Nani atampata?

Dada: Kwa simu, penye mtandao. Pasipo na mtandao, tuwaandike wale tu tunaojua watarudi kwa ajili ya mguu bandia, tupange tarehe zilingane. Si kamili, lakini ni bora kuliko kujidanganya na waliobaki hapa mjini, Munuki.

Daktari: Na kundi la kulinganisha? Bila watu wa mashine iliyozimwa hatutajua kama ni umeme au ni matumaini. Watu wakihudumiwa kwa heshima kwa wiki mbili, maumivu hupungua hata betri ikiwa haina kitu.

Dada: Kwa waliokatwa mguu mmoja nitakubali, kwa kuwa wote watakuwa kwenye kioo, hakuna atakayeondoka mikono mitupu. Kwa akina Binti sikubali. Huwezi kumwambia mtu asiye na njia nyingine kwamba huenda tunamwigizia.

Daktari: Tutapoteza uhakika.

Dada: Tupoteze huo.

Mzee: Na mimi nina sharti, kabla hamjaniandika jina. Nimeona wageni wakija na karatasi za kusaini. Wanapima, wanashukuru, wanaondoka, na kilichotusaidia kinaondoka nao kwenye sanduku lilelile. Nitaingia kwenye jaribio lenu, hata upande wa mashine iliyozimwa, mnieleze tu kwamba huenda ikawa imezimwa. Lakini iandikwe kabla sponji haijaloweshwa: mkimaliza kuhesabu, mashine zinabaki Juba, na aliyekuwa kwenye iliyozimwa anapata iliyowashwa. Mkishindwa kuliandika hilo, nileteeni kioo tu.

Daktari: Tutaliandika, Mzee, mstari wa kwanza.

Mhasibu: Basi na sponji za akiba ziandikwe hapohapo, na betri, na mshahara wa atakayebaki nazo.